Hawajashibana

Bibi yangu alicheka mahali ambapo sisi tulitaka watu walie.

Ilikuwa mwaka 2019, uani kwetu Bagamoyo. Shuka jeupe tulilifunga kwenye kamba ya kuanikia nguo, na projekta ya kuazima tuliiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Filamu yetu ilikuwa fupi, dakika 14 tu, ya wakati wa misafara. Mwanamke wa pwani anamsubiri mumewe aliyekwenda bara kufuata pembe za ndovu. Miaka miwili inapita, watu wanamwambia aache kusubiri, kisha asubuhi moja msafara unaingia mjini na mume yumo. Mwanamke huyo ni mimi. Natoka mlangoni, namwona, naangusha mtungi, nalia. Nililia vizuri, nasema mwenyewe. Machozi ya kweli, bila kitunguu.

Majirani wote walikuwa kimya. Bibi akacheka. Kilikuwa kile kicheko kifupi cha puani anachokitoa sokoni akitajiwa bei ya changu. Filamu ilipokwisha nikamfuata kwenye mkeka wake.

"Bibi, umecheka nini?"

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo, "yule bwana umesema ametoka wapi?"

"Ujiji."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Mtu ametembea kutoka Ujiji, miaka miwili hujamwona, na wewe unamkodolea usoni tu. Mimi ningemtazama miguu." Akajifunga kanga yake upya. "Nyie hamjashibana. Inaonekana kabisa, hata chai hamjanywa pamoja."

Nilikasirika, na nilidhani nina haki ya kukasirika. Tulikuwa tumejiandaa. Mwongozaji wetu, kijana mwenzetu, alikuwa amesoma kila alichokipata kuhusu biashara ya misafara. Alijua ni shanga za rangi gani zilipendwa bara, alijua merikani ni nguo ya namna gani, akaitafuta pamba nyeupe iliyofanana nayo na kuichovya kwenye chai ili ichakae. Hatukuwa na fedha za kujenga chochote, lakini nani anajenga kitu Bagamoyo? Bagamoyo ni mahali pa hatari kwa mtu anayetengeneza filamu ya historia, kwa sababu inakupa vitu vingi bure. Kuna kuta za mawe ya matumbawe na milango ya nakshi. Kuna Caravan Serai, ambako misafara ilikuwa ikifikia. Kuna mnara wa kanisa ambako mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874, baada ya kubebwa kutoka bara na watu wake, kabla ya kuvushwa baharini. Ukitoka mjini kidogo kuna magofu ya Kaole, msikiti na makaburi yaliyokuwepo karne nyingi kabla ya Mjerumani kufika. Ukiweka kamera popote pale, historia inaingia yenyewe. Ndivyo tulivyoamini.

Aliyeigiza mume wangu nilikutana naye asubuhi ileile ya kurekodi. Alitoka Dar es Salaam na daladala ya Makumbusho, akachelewa karibu saa mbili. Jua lilikuwa limeshapanda na mwanga tulioutaka umeondoka. Mwongozaji alimfokea mbele ya watu. Mimi sikumfokea, nilifanya kibaya zaidi: nilimnunia. Tukasalimiana kwa "mambo" na "poa", tukaingia kazini. Mchana wali ulipofika, yeye alikula chini ya mnazi, mimi nikala upande wa pili na dada wa mavazi.

Kwenye tukio lenyewe la kuonana, nilikuwa na kazi moja kichwani: machozi. Nilikuwa nimeyaandaa tangu alfajiri, nikikumbuka msiba fulani wa nyumbani, nikiyashikilia nyuma ya macho kama mtu aliyebeba beseni la maji kichwani. Nilipomwona yule mwanamume anakuja, nilitazama juu kidogo ya bega lake ili nisitikisike. Nilikuwa na machozi ya kulinda. Tulirudia mara tano. Ya mwisho, mwongozaji akasema, "Kati! Machozi safi sana."

Sikuwa mgeni wa mambo haya. Nilisomea uigizaji hapahapa Bagamoyo, mji ambao umekuwa na chuo cha sanaa tangu 1981, na mwalimu wetu mmoja alipenda kutupa zoezi lililotokana na jina la mji. Mnajua zile maana mbili zinazosimuliwa. Mpagazi aliyefika pwani anautua mzigo na kuubwaga moyo, amepumzika. Mateka anayepelekwa ng'ambo anaubwaga moyo wake hapa, kwa kuwa harudi tena. Mwalimu alitaka tuseme neno lilelile, "bwaga moyo", mara moja kama mpagazi, mara moja kama mateka. Hilo kila mtu aliliweza. Kisha akaongeza sharti: simameni wawili wawili, na usiseme mpaka uone kitu kwa mwenzako kinachokulazimisha kusema. Hapo tulikwama. Tulisimama tukitazamana kama kuku wawili. "Mpe mwenzako," mwalimu alisema. "Ukishindwa kumpa, basi pokea." Mtihani nilifaulu. Somo sikulielewa.

Niliielewa miaka mitatu baadaye, na aliyenielewesha si mwalimu.

Mwaka 2022 niliiona *Vuta N'kuvute* kwenye ukumbi Dar es Salaam. Ni filamu ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa 1999, na kabla ya kufika kwetu ilikuwa imeonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto, 2021. Wengi wa rika langu tuliisoma riwaya hiyo kidato cha tano na cha sita, na mnajua tulivyoisoma: dhamira, migogoro, ujumbe, nafasi ya mwanamke. Unguja ya miaka ya 1950, chini ya Mwingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, anatoroka ndoa. Denge, mpigania uhuru, anasakwa na serikali. Nilipata alama nzuri kwenye swali la ukombozi bila kujua kama Yasmin alimpenda Denge. Hakuna aliyeniuliza.

Kwenye filamu nililiona hilo kabla ya kitu kingine chochote. Yasmin ni Ikhlas Gafur Vora, Denge ni Gudrun Columbus Mwanyika. Filamu haina haraka, maneno yake si mengi, na katika ukimya ule wawili hawa wanafanya kitu ambacho mimi sikukifanya ufukweni: wanasubiriana. Mmoja akisema, mwingine hasubiri zamu yake ya kusema, anapokea. Ikhlas anasikiliza kwa mwili mzima. Gudrun, hata Denge anapoongea siasa, anaongea na mtu aliye mbele yake, hahutubii ukumbi. Na pembeni yao kuna Mwajuma, rafiki yake Yasmin, aliyeigizwa na mwimbaji Siti Amina. Nyumba yake inakuwa kama pango la kujificha upepo. Unaamini kwamba Yasmin angeweza kuacha kila kitu na kwenda kubisha hodi pale, kwa sababu wanavyokaa wanawake wale wawili ni kukaa kwa watu waliozoeana.

Nadhani filamu za historia zinaanguka hapa mara nyingi kuliko kwenye mavazi. Mtazamaji hawezi kuupenda ukoloni wala kuuchukia kama habari tu. Lazima aone unamzuia nani asifanye nini. Katika Unguja ile, msichana wa Kihindi na kijana Mwafrika kukaa chumba kimoja ni jambo la hatari. Ukishaamini kwamba hawa wawili wanatakana kweli, huhitaji tena mtu wa kukueleza utawala ule uliwagawaje watu, nani alikaa Mji Mkongwe na nani Ng'ambo. Unaiona mipaka yote kwa jinsi wanavyosogeleana na kusitasita. Usipoamini, Denge anakuwa vipeperushi vinavyotembea, na Yasmin anarudi kuwa jibu la mtihani.

Wala si lazima yawe mapenzi. Filamu ya kwanza Tanzania kuipeleka kuwania Oscar, mwaka 2001, ilikuwa *Maangamizi* ya Martin Mhando na Ron Mulvihill. *Vuta N'kuvute* ilikuwa ya pili, miaka 21 baadaye. *Maangamizi* imebeba mambo makubwa: mizimu, mababu, majeraha yaliyovuka bahari. Lakini inasimama juu ya wanawake wawili hospitalini: daktari aliyetoka Marekani, aliyeigizwa na BarbaraO, na mgonjwa aitwaye Samehe ambaye amenyamaza kwa miaka mingi, aliyeigizwa na Amandina Lihamba. Hebu fikiria kazi ya kuigiza na mtu asiyesema. Huna cha kushika isipokuwa uso wake. Filamu mbili, vizazi viwili vya watengenezaji, na zote mbili ukizivua mavazi na mandhari unabaki na watu wawili chumbani, mmoja anajaribu kumfikia mwenzake.

Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi ya taa hakukubaliana nami. Tulibishana kwenye daladala njia nzima, Tegeta, Bunju, Mapinga. "Dada, usidanganyike," aliniambia. "Ile ni kazi ya kamera. Zile rangi, zile nyumba, ule mwanga. Wapige watu hao hao picha kwenye karakana ya Bunju uone kama utawatazama." Sikuwa na jibu. Kweli, picha zile ni nzuri mno, na mtu mzuri chini ya mwanga mzuri anaweza kuonekana anapenda hata kama anawaza nauli.

Jibu lilikuja miezi kadhaa baadaye kwa sababu ya shirika lisilo la sanaa kabisa: umeme ulikatika.

Rafiki yangu mwingine alikuja kutusalimia Bagamoyo, na filamu ilikuwa ndani ya kompyuta yake. Nikamwambia Bibi kuna picha ya Unguja ya zamani, ya wakati wa usichana wake. Tukakaa uani palepale, safari hii bila shuka wala projekta. Kompyuta tuliiweka juu ya kigoda. Umeme ulikuwa umeondoka tangu magharibi, kwa hiyo tulipunguza mwanga wa kioo ili chaji itufikishe. Spika zilikuwa zinakoroma. Bibi jicho moja lina mtoto wa jicho. Rangi zile zote zilizonistaajabisha ukumbini zilikuwa zimekufa, na nyumba za Mji Mkongwe zilikuwa vivuli vya kijivu. Kilichobaki ni nyuso.

Nilijua Bibi atasinzia baada ya dakika kumi. Hakusinzia. Nilitegemea aseme kitu kuhusu kanga, au magari, au wazungu. Hakusema. Yasmin na Denge walipokuwa bado hawajaambiana lolote la maana, akaguna, akasema polepole, "Tayari hao."

"Tayari nini, Bibi?"

"Nyamaza, tutazame."

Baadaye kidogo, bila mimi kumwuliza, akasema, "Hawa wameshibana."

Filamu ikiwa bado haijaisha, kompyuta ikazima. Chaji kwisha. Rafiki yangu akaanza kuomba radhi, akainuka kwenda barazani kutafuta mtandao. Tukabaki mimi na Bibi gizani, na bahari ikisikika kwa mbali. Nikawa nafikiria niwashe taa ya simu. Sijui kwa nini sikuwasha.

"Mimi nilitoka Saadani kwa miguu," Bibi akasema.

Ninavyomjua Bibi, na sisi sote tunavyomjua, ni mke wa babu, mvuvi wa hapa. Kwamba alizaliwa upande wa Saadani tulijua. Kwamba kulikuwa na kitu kati ya kuzaliwa Saadani na kuolewa Bagamoyo, hakuna aliyetuambia.

"Niliozwa kulekule," akaendelea. "Bwana mtu mzima, ana watoto wanaonizidi umri. Nikakaa mwaka. Kisha nikaondoka usiku, nikafuata ufuko. Siku mbili. Wami nilivushwa na mzee mmoja kwa mtumbwi, sikuwa na kitu cha kumpa. Ruvu nikavushwa na watu wa chumvi. Viatu sikuwa navyo."

Akanyamaza. Nilikuwa na maswali kumi mdomoni. Bwana huyo alikuwa nani? Alikufuata? Ulikuwa na miaka mingapi? Pia nilihisi machozi yanakuja, yale yangu hodari, na kwa mara ya kwanza maishani niliyaonea haya. Hayakuwa na kazi pale. Yangefanya yale mambo yawe yangu. Nikakaa kimya, nikamgeukia tu, ingawa gizani sikuona vizuri.

"Mtu wa kwanza kunipa maji hapa ni babu yako," akasema. "Alikuwa ameketi anashona wavu. Hakuniuliza natoka wapi wala mtoto wa nani. Alinitazama miguu. Akaingia ndani, akatoka na maji ya moto na chumvi."

Umeme uliporudi tulimwambia tuendelee na filamu. Akakataa. "Najua inavyokwisha," akasema, akaenda kulala. Hajairudia habari ile tangu siku hiyo. Nilipomwambia mama yangu, ambaye ni mtoto wake wa kwanza, alikaa chini kwenye kizingiti na sufuria mkononi. Naye alikuwa hajui. Nilimwomba Bibi ruhusa ya kuandika haya. Aliniambia niandike, ila jina lake nisiweke.

Usiku ule sikulala. Nikaichukua filamu yetu ya dakika 14, ambayo sikuwa nimeitazama tangu siku ya kinu na shuka, nikaitazama kwenye simu, sauti nimeizima. Mavazi bado yalikuwa mazuri. Mlango ulikuwa mzuri. Mimi nilikuwa nalia vizuri. Safari hii nikamtazama yeye.

Dakika ya 9 anaingia kutoka ufukweni, peku, mzigo begani. Anachechemea. Mguu wa kushoto anaukanyagia kisigino, kwa uangalifu, kama mtu anayevuka sakafu yenye vigae vilivyovunjika. Nikadhani ni uigizaji. Nikatafuta vipande vya majaribio ya mwanzo, ambavyo mwongozaji alitugawia sote. La kwanza anatembea sawasawa. La pili sawasawa. La tatu ndipo anaanza kuchechemea, na la nne na la tano vivyo hivyo. Katika lile la mwisho, lile la machozi safi, anafika mbele yangu, anautazama mguu wake kidogo tu, halafu ananitazama mimi. Anasubiri. Ni kama nusu sekunde. Mwenzangu alikuwa ameniletea Ujiji nzima kwenye unyayo wake, na mimi nilikuwa natazama juu ya bega lake, nikilinda beseni langu la maji.

Bibi aliyaona hayo uani, kwenye shuka lililokuwa likipeperuka, kwa jicho moja.

Namba yake bado nilikuwa nayo. Asubuhi nikampigia. Aliacha kuigiza zamani, anaendesha bajaji Mapinga. Alishangaa kunisikia, akadhani kuna kazi.

"Hakuna kazi," nikamwambia. "Nataka kukuuliza kitu. Siku ile Bagamoyo, ulikanyaga nini?"

Alikaa kimya mpaka nikatazama simu kama bado ipo hewani.

"Chaza," akasema. "Kule karibu na mikoko. Ilinichana kweli. Lakini jamaa alikuwa ameshakasirika kwa kuchelewa kwangu, ningesemaje?" Kisha akaniambia kwamba asubuhi ile alichelewa kwa sababu alilala hospitali akimwuguza mama yake, na alitoka huko moja kwa moja kuja kituoni. "Nilijua hakuna aliyeona," akasema.

"Hakuna aliyeona," nikamjibu. "Mimi nimeona jana."

Akacheka. Akaniuliza kama bado nanuna. Jumamosi nikapanda daladala kwenda Mapinga. Tulikula mihogo na samaki wa kukaanga kwa mama mmoja kando ya barabara, na kwa muda mrefu hatukuzungumzia filamu.